Kocha Aliyefungiwa Maisha

Darla Tackett alileta pai ya pichi siku ya Jumanne, na mimi nikajua kuna jambo. Mtu hakai mji mmoja na wewe miaka yote, akikukuta dukani anakupita kama anapita rafu ya sabuni, halafu siku moja tu anapanda ngazi za baraza yenu na pai ya moto, ameifunika kitambaa kisafi, eti amekukumbuka.

"Delmar yupo?" akauliza.

"Yupo. Karibu ndani."

"Umekua, Vina. Umefanana na marehemu mama yako."

Marehemu mama alikuwa wa kanisa la watu wa vikofia vyeupe, wale wanaojitenga na mambo ya dunia, na Darla alikuwa akivicheka vikofia hivyo hadharani. Shule ya kanisa lile inaishia darasa la nane, nami niliishia hapo hapo, lakini nilitoka na kitu kimoja: najua kukaa kimya wakati mtu anaongea, na kumwangalia mikono.

Mikono ya Darla haikutulia. Aliweka pai mezani, akaisogeza, akairudisha ilipokuwa. Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kikombe mkono wa kushoto. Wa kulia huwa anaulaza mapajani. Haupandi kupita kifua. Hata nywele anachana kwa kushoto.

"Baba yangu anakuulizia kila siku, Delmar," Darla akasema. "Anauliza, yule kijana wangu yuko wapi? Mbona haji kuniona?"

Baba akaweka kikombe chini. "Kocha amesema hivyo?"

"Mimi nidanganye nipate nini?"

Kura, nikasema moyoni. Upate kura.

Baba yake Darla ni Royce Tackett, na hapa Corley hakuna asiyelijua jina hilo. Alikuwa meneja, yaani kocha mkuu, wa Tanuri, timu yetu ya besiboli, enzi kiwanda cha matofali bado kinafuka moshi. Hakuna aliyeshinda kombe la ligi ya bonde hili la Ohio mara nyingi kama yeye. Halafu wakamkamata anabeti kwenye mechi za timu yake mwenyewe, kwa mkono wa kinyozi mmoja wa ng'ambo ya mto aliyekuwa akipokea madau. Sheria ya kamari ilikuwa imebandikwa ukutani kwenye kila chumba cha wachezaji cha ligi nzima, ukivua shati unaisoma, ukivaa shati unaisoma. Akafungiwa maisha. Hakukana. Alisema neno moja tu, na watu wa Corley mpaka leo wanalirudia kama wamelifundishwa kanisani: "Sikuwahi kubeti tushindwe. Hata siku moja."

Sasa ligi ilikuwa imelegeza kamba. Waliofungiwa kwa kamari wangeweza kuingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima, kibao chao cha shaba kipigiliwe ukutani pamoja na vya wengine, ila kwa sharti: wachezaji waliocheza chini ya mtu huyo wakubali wote. Kura yenyewe haipigwi kwa karatasi. Kila mchezaji wa zamani hupewa mpira mkononi. Anayekubali anautia kikapuni. Anayekataa anabaki nao. Ukibaki mpira mmoja tu mkononi mwa mtu, basi, kibao hakipandi.

"Wewe alikupenda kuliko wote," Darla akasema akiwa mlangoni. "Mzee hana siku nyingi."

Alipoondoka, baba akakata pai, akala akitabasamu peke yake. Mimi sikuonja.

*

Asubuhi nilikuwa kazini mkahawani, na habari ilikuwa hiyo hiyo kila meza.

"Arudishwe!" alisema Purvis, fundi bomba, mtu wa sauti kubwa. "Dhambi gani? Siku hizi tangazo la kubeti pale uwanjani ni kubwa kuliko ubao wa matokeo. Mimi mwenyewe nimebeti sasa hivi, hapa hapa, na kahawa mdomoni."

"Ndiyo maana kila siku unakula mayai mkahawani," mmoja akamjibu. "Nyumbani umeshanyimwa."

Wakacheka. Purvis naye akacheka, lakini hakuacha. "Mwanamume alibeti timu yake ishinde. Ishinde, jamani! Kuna ubaya gani? Mimi ningekuwa mchezaji wake ningefurahi."

"Wewe unabeti, Purvis," ilisema sauti kutoka kwenye kona, "lakini wewe humpangi mrushaji."

Alikuwa Mzee Boyd Kimmel. Huyu ndiye aliyekuwa mdakaji wa Tanuri, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira ya mrushaji. Na mrushaji alikuwa baba yangu. Miaka yao yote uwanjani, kila mpira uliotoka mkononi mwa baba uliishia kwenye glavu ya Boyd.

Purvis akabadilisha maneno haraka. Nikachukua birika nikaenda kona ile.

"Mzee Boyd, ulikuwa na maana gani?"

"Maana ya nini? Sikusema kitu. Weka kahawa."

Nikaweka. Nikabaki nimesimama. Mimi nikimsubiri mtu, namsubiri kweli. Akakoroga kahawa ambayo hakuitia sukari.

"Utapiga kura gani?" nikauliza.

"Nitautia mpira kikapuni kama wenzangu. Nina miaka mingapi tena ya kugombana na watu?" Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Muulize baba yako, ile wiki yake ya mwisho walikuwa wanagombea nini. Basi. Na usiseme mimi nimekutuma."

*

Wiki ya mwisho ya baba naijua kuliko ninavyojijua. Kila mgeni wetu ameisikia. Mrushaji akirusha mechi moja, mkono unahitaji kupumzika siku kadhaa. Ukimrudisha kesho yake, unamuua bega. Wiki ile Kocha Tackett alimpa baba mpira leo, kesho, na kesho kutwa, mpaka msimu ukaisha. Na bega nalo likaisha. Hakurusha tena maishani.

Mwingine angelia. Baba aliifanya kuwa nishani. Na ukitaka kuelewa kwa nini, lazima ujue jinsi mambo yao yalivyo: mrushaji hatoki uwanjani kwa miguu yake mwenyewe. Haombi kutoka. Akiulizwa, anasema yuko sawa, hata kama mkono unataka kudondoka. Anayemtoa ni meneja. Meneja anainuka benchi, anatembea polepole mpaka kwenye kichuguu, kile kilima kidogo anaposimama mrushaji, anafungua kiganja. Unamwekea mpira, unaondoka, na hapo hapana maneno.

"Wengine wote walitolewa," baba husema. "Mimi Kocha hakuwahi kuja kunitoa. Alikaa pale benchi, mikono kifuani, ananitazama. Unajua maana yake? Aliniamini mimi kuliko mtu yeyote."

Jioni ile nilipika maharage na mkate wa mahindi, nikasubiri ashibe.

"Baba, ile wiki ya mwisho mlikuwa mnagombea nini?"

"Kugombea?" Akafuta mdomo. "Hatukuwa tunagombea kitu. Tulishapitwa zamani. Hata tungeshinda zote tusingefika popote."

"Sasa mbona alikurushisha kila siku?"

"Hapo ndipo utajua yule alikuwa mtu wa aina gani!" Macho yake yaliwaka. "Mechi hazina maana kabisa, uwanja una watu wa kuhesabu kwa vidole, na yeye bado anataka kushinda. Meneja gani wa leo ana roho hiyo?"

Nikaondoa sahani. Niliziosha polepole mno, nikimpa mgongo asiione sura yangu. Mtu anayetaka kushinda mechi isiyo na maana, lazima kuna mahali ina maana. Lakini nilikuwa na nini mkononi? Neno la Boyd, ambaye asingelirudia mbele za watu. Na hisia zangu tu. Ningemwambia baba nini: kwamba kitu pekee alichonacho, kile kinachomwinua asubuhi na kumtembeza mjini kifua mbele, huenda si chake? Nikiwa nimekosea, ningekuwa nimemwibia bure. Nikiwa sijakosea, ningekuwa nimemwibia vilevile.

Nikakausha sahani. Nikasema, "Tumtembelee Kocha basi, Jumapili. Si anakuulizia?"

*

Darla alitupokea kwa mkate wa nyama ya nguruwe na maji ya limau baridi, akiongea bila kupumua. Mzee Tackett alikuwa barazani kwenye kiti cha magurudumu, redio inatangaza mechi, mrija wa hewa umepita puani. Alikuwa amekwisha mwili, lakini macho yalikuwa yake bado. Alipomwona baba akazima redio.

"Delmar! Njoo hapa, mwanangu, nikuone."

Baba akainama akamkumbatia kwa mkono wa kushoto. Mtu wa miaka sitini, lakini nilimwona amekuwa kijana pale pale.

Wakaongea ya zamani. Mvua ya mji fulani, basi lililoharibika mlimani, mpigaji mmoja mnene aliyekuwa analala akiwa amesimama. Walicheka mpaka mzee akakohoa. Niliwaacha. Nilikula mkate wangu wote. Darla alinitazama, nami nikamtazama, kila mmoja anamchunga mwenzake kama paka wawili kwenye baraza moja.

Mzee mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. "Unajua wanavyonisema, Delmar. Mla kamari. Lakini sikuwahi kubeti tushindwe. Hata siku moja."

"Najua, Kocha."

"Kocha," nikasema taratibu, "ulikuwa unabeti kila mechi?"

"Vina!" Darla akaruka. "Mzee anaumwa!"

"Mwache aulize. Ni mtoto wa Delmar." Na nikaona amelipenda lile swali, kama fundi anavyopenda kuulizwa habari za kazi yake. "Mjinga ndiye anayebeti kila mechi, binti. Mimi nilibeti siku nina uhakika."

"Uhakika wa nini?"

Akanyoosha mkono wake mkavu akauweka juu ya goti la baba.

"Wa huyu hapa. Siku Delmar anapanda kichuguu, mimi asubuhi nakwenda kwa kinyozi roho nyeupe kabisa. Sikiliza, nimefundisha vijana wengi. Hakuna mwingine niliyeweka mali yangu juu ya mkono wake. Hiyo ndiyo sifa, binti. Nyingine ni maneno."

Baba alitabasamu. Naapa alitabasamu, alilipokea neno lile kama sifa, maana lilitolewa kama sifa. Kisha tabasamu lile likabaki usoni muda mrefu mno, kama mgeni ambaye hajui mlango wa kutokea uko wapi.

"Na ile wiki ya mwisho, Kocha?" akauliza. Sauti ndogo.

"Ah, ile wiki." Macho ya mzee yakajaa maji. Hakuwa anaigiza, namjua mtu anayeigiza. "Nilikuwa nimeliwa vibaya msimu ule, Delmar. Nyumba hii ilikuwa inaondoka. Darla alikuwa bado msichana. Wewe ndiye uliyeniokoa. Na sijawahi kukushukuru. Nilitaka nikushukuru kabla sijafa."

Darla alikuwa ameganda na jagi mkononi. Maji ya limau yalikuwa yanamwagika kwenye kiatu chake.

"Asante, mwanangu," mzee akasema.

"Hapana shida, Kocha," baba akajibu.

*

Nyumbani baba hakuniuliza chakula. Siku zilizofuata alikwenda mjini akarudi, na kila aliporudi nilimtazama uso nikatafuta kitu nisikione. Nilianza kumshuku yeye sasa. Nilidhani ameamua kutokusikia. Ni rahisi, unachukua maneno uliyoambiwa, unayakunja, unayaweka chini kabisa ya sanduku, na hadithi yako inaendelea kama jana. Na nani wa kumlaumu?

Darla alinipigia simu mkahawani. "Umemwambia nini baba yako?"

"Sijamwambia kitu. Wewe ulikuwepo."

"Baba yangu alimshukuru. Mtu anayeshukuru hana nia mbaya."

"Sikusema ana nia mbaya."

"Wewe husemi kitu, Vina. Ndicho kinachonitisha."

Akakata simu.

*

Jumamosi mchana, Ukumbi ulijaa. Zamani palikuwa stesheni ya reli; madirisha makubwa, vibao vya shaba ukutani, kikapu kwenye meza katikati. Mzee Tackett aliletwa amevaa koti la Tanuri, jekundu la tofali, limempwaya. Wakamweka kando ya kikapu. Watu walisimama wakampigia makofi, na Purvis akapiga mluzi.

Wazee wa timu wakapita mmoja mmoja. Kila aliyetia mpira, makofi. Wengine walimpigia Kocha saluti, wengine wakambusu kipara. Mzee Boyd alitia wake haraka haraka, kama mtu anayetupa takataka kwenye pipa la jirani, akapita mbele yangu bila kunitazama.

Akabaki baba. Alikuwa amekaa safu ya mwisho, mpira mkono wa kulia, umelala pajani. Akauhamishia kushoto, akainuka, akatembea. Watu walishaanza makofi.

Na Mzee Tackett, labda kwa furaha, labda kwa mazoea tu ya mwili, akanyoosha mkono akafungua kiganja.

"Nipe mpira, mwanangu."

Watu wakacheka kwa mapenzi. Wote wanaujua mkono ule. Meneja amekuja kichuguuni.

Baba akasimama. Hakuutoa.

"Boyd alikuambia bega langu limekwisha," akasema. Hakupaza sauti, lakini stesheni ile ina mwangwi. "Alikuambia mipira inafika kwenye glavu imekufa. Alikuambia, hakukuambia?"

Nilimwona Boyd akiangalia viatu vyake. Kumbe siku zile baba alipokwenda mjini, alikuwa anakwenda kwa Boyd.

"Nilikuuliza na wewe, Delmar," mzee akasema. "Ukasema uko sawa."

"Nilisema niko sawa. Kila mrushaji husema yuko sawa, Kocha. Ndiyo maana kuna meneja." Akakitazama kile kiganja kilichokuwa wazi. "Wiki nzima nilikuwa naangalia benchi. Nilikuwa nakuomba uje ufungue mkono hivyo hivyo. Hukuja. Nami nikarudi nyumbani nikasema, ameniamini. Nimewaambia watu hivyo maisha yangu yote. Nimemwambia mtoto wangu."

"Nilikuamini," mzee akasema. "Nilikuamini kuliko mtu yeyote."

"Najua. Mtu humwamini hata farasi anayembetia."

"Makombe ulishinda, hilo hakuna wa kukunyang'anya," baba akasema. "Pai ya binti yako nimekula, ilikuwa tamu. Sina chuki na wewe. Lakini mimi sikupandishi ukutani."

Akautia mpira kwenye mfuko wa koti, akageuka.

Ndipo kelele zikaanza. Mmoja alisema aibu, mzee mgonjwa! Mwingine akasema aibu yake mwenyewe. Darla alikuwa amempigia baba yake magoti, anamfunika kiganja chake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza sikumshuku; alikuwa mtoto tu na baba yake. Nilitaka kwenda kwake. Sikwenda. Ningesema nini ambacho asingenirudishia usoni, na angekuwa na haki?

Purvis alitufuata mpaka nje. "Delmar! Delmar, bwana! Mimi nilishabeti kuwa utakubali! Umenitia hasara!"

"Na nani amekubali kubeti na wewe?" nikamuuliza.

Mimi nikafikiri, huko ndani kuna mtu alisimama akimpigia mzee makofi, na mfukoni ameweka dau kuwa atashindwa. Niliwatazama waliokuwa wakitoka mlangoni, sura moja baada ya nyingine. Angeweza kuwa yeyote.

Ndani ya gari baba alikaa, akaweka kichwa nyuma. Sikuwasha injini.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilishuku."

"Ungeniambia."

"Ungenikasirikia."

"Ningekukasirikia sana," akakubali. Akafumba macho. Watu walipita karibu na kioo, wengine wakatuchungulia, wengine wakageuza shingo. Kesho nitawahudumia kahawa hao hao, na nitajua yupi amebadilika kwa namna atakavyoshika kikombe.

"Basi twende," nikasema. "Funga mkanda."

Huwa anaufunga kwa kushoto, anajipinda kiti kizima, na ukitaka kumsaidia anakufokea. Alijaribu mara moja, akauachia.

"Nifungie, Vina," akasema. "Bega linauma."

Nimeishi na mtu huyu maisha yangu yote, na sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Nilivuta mkanda taratibu, nikaupitisha juu ya ule mkono, nikaubana.